Ratiba ya Viza na Magoti ya Mama: Siku Zetu Tatu Kyoto

Mdogo wangu alipotuarifu kwamba angehitimu chuo kikuu Osaka mwishoni mwa Machi 2025, Mama alitamka neno moja tu: hakulea mtoto miaka ishirini na sita ili ahitimu ugenini bila mtu wa kumpigia vigelegele. Ukoo ukachanga, nauli ya watu wawili kutoka Kilimanjaro kupitia Doha ikapatikana, nami nikaongeza wazo langu. Kwa kuwa tungekuwa Osaka, na kwa kuwa Kyoto iko mwendo wa nusu saa tu kwa treni, baada ya mahafali tutumie siku tatu kuutazama mji uliokuwa makao makuu ya Japani tangu mwaka 794 hadi mfalme alipohamia Tokyo mwaka 1869. Kazi ya kupanga nikajitwika mwenyewe, na niliifanya vibaya kiasi cha kutosha kuona kwamba inafaa kuandikwa, hasa kwa mtu anayefikiria kumpeleka huko mzazi mwenye umri wa miaka sitini na saba na magoti yanayolalamika.

Mzizi wa makosa yangu ulikuwa kwenye maombi ya viza. Anayekwenda kumtembelea ndugu Japani hutakiwa, pamoja na barua ya mwaliko na vielelezo vya mwenyeji wake, kuwasilisha ratiba ya ukaaji iliyoandikwa siku kwa siku. Mimi ni mhasibu. Nikiona jedwali lenye visanduku vitupu, mkono huniwasha. Katika siku tatu za Kyoto nilijaza mahali kumi na nne: mahekalu tisa, ngome moja, soko moja, msitu wa mianzi wa Arashiyama, mtaa wa Gion, na hata mji jirani wa Uji. Ubalozi ulichotaka kujua ni wapi tungekuwa na lini tungeondoka, lakini viza zilipotoka nilianza kuliheshimu lile jedwali kana kwamba ni bajeti iliyokwisha kupitishwa na bodi. Laiti ningeweka karatasi mbili, moja nyepesi na ya kweli kwa ajili ya viza, na nyingine ya penseli kwa ajili yetu, ningeokoa siku nzima ya safari na nusu ya ugomvi.

Kosa lililofuata lilihusu tarehe. Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 2021 micheri ya Kyoto ilichanua kikamilifu tarehe 26 Machi, mapema kuliko wakati wowote katika kumbukumbu zilizowekwa kwa zaidi ya miaka 1,200, na kwamba joto linaloongezeka duniani ndilo linaloyaharakisha maua. Nikajiaminisha kwamba tarehe 26 Machi ndiyo kawaida mpya. Sikufikiri kwamba rekodi ni rekodi kwa sababu haitokei kila mwaka. Tulipofika, sehemu kubwa ya miti ilikuwa na machipukizi ya waridi yaliyofumba kama ngumi ya mtoto mchanga, wakati bei za vyumba zilikuwa tayari ni za msimu wa maua. Asiyefungwa na tarehe ya mahafali kama sisi ana heri akilenga siku za mwanzo wa Aprili, na hata hapo atafute chumba ambacho malipo yake yanarudishwa akiahirisha, kwa maana maua hayasomi kalenda.

Kuhusu chumba, nilidanganywa na picha. Niliona nyumba ya kale ya mbao, mikeka ya majani sakafuni, taa ya karatasi, na kibustani cha nyuma kisichozidi ukubwa wa meza, nikalipa usiku miwili yen 52,000 kwa watu watatu bila haki ya kurudishiwa. Wakati ule yen moja ilikuwa kati ya shilingi 17 na 18. Nyumba za aina hii huitwa machiya, nazo ni nyembamba mbele na ndefu kuelekea nyuma, ndiyo maana Wajapani wenyewe huzifananisha na kitanda cha mkunga. Yule samaki, si yule mzalishaji. Ambacho picha haikuonyesha ni ngazi ya ndani, iliyosimama wima kama ya kupandia darini, na kwamba kulala ni juu ya magodoro yanayotandikwa chini. Mtu mwenye magoti mabovu akishalala chini, kuinuka kwake ni shughuli ya watu wawili. Mama hakulalamika. Alisema tu, asubuhi ya kwanza, huku nimemshika mkono wa kulia na mdogo wangu wa kushoto, kwamba sasa anaelewa ng'ombe wa zero-grazing wanavyojisikia wakikwamuliwa zizini.

Nitasema pia jambo ambalo nilikaribia kulifanya na nikaokolewa. Karibu kila maelezo ya zamani ya safari za Japani husifu pasi ya treni ya nchi nzima, nami nilikuwa nimeshaandaa fedha za pasi mbili za siku saba. Mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti saa saba za usiku: "Dada, usinunue hiyo kitu. Tangu Oktoba 2023 ni yen 50,000 kwa mtu mmoja, na sisi kutoka Osaka hadi Kyoto tunalipa yen 580." Hata anayefikia Tokyo, nauli ya treni ya mwendo kasi hadi Kyoto ni kama yen 14,000 kwa safari ya saa mbili na robo, kwa hiyo kwenda na kurudi pekee hakulipi bei ya pasi. Pasi ile humfaa anayevuka nchi huku na huko kwa siku chache, wala si sisi. Somo nililochukua ni kuangalia tarehe ya kila ushauri kabla ya kuangalia ushauri wenyewe; ingawa, kama nitakavyoeleza, sikulichukua mapema ya kutosha.

Siku ya kwanza tuliingia kituo cha Kyoto saa nne asubuhi tukiburuta mabegi mawili makubwa, kwa sababu tulikuwa tumehama chumba cha Osaka na Mama alikuwa amekuja na kilo kumi za unga, dagaa na ndizi zilizokaushwa kwa ajili ya mwanawe, akaondoka na uzito uleule wa zawadi. Mpango wangu ulikuwa kuweka mabegi katika makabati ya sarafu ya pale kituoni. Makabati yapo mengi kweli, lakini makubwa huwahiwa mapema. Tulizunguka ghorofa tatu kwa dakika hamsini tukikuta taa nyekundu kila mlango. Hatimaye tulielekezwa kwenye kaunta ya chini ya kituo inayopokea mizigo asubuhi na kuipeleka mahali unapolala kabla ya jioni. Tulilipa yen 2,800 kwa mabegi yote mawili, na nusu saa baadaye nilikuwa nikijiuliza kwa nini sikuanzia hapo. Anayehama mji kwa usiku mmoja au miwili, heri abebe mkoba wa mgongoni tu na kupeleka begi kubwa moja kwa moja hadi hoteli ya mwisho.

Hapo ndipo ushauri wa zamani ulipoturudi. Nilikuwa nimeandika katika jedwali: "Kununua tiketi ya basi ya siku nzima." Mwanamke wa dirishani, kwa upole ambao ulinifanya nione aibu zaidi, alinionyesha karatasi iliyosema tiketi hiyo ya basi pekee haiuzwi tena, mji uliifuta kwa sababu mabasi yalikuwa yamejaa wageni hadi wenyeji wanakosa nafasi. Iliyobaki ni ya mabasi na treni za chini ya ardhi kwa pamoja, yen 1,100. Nikanunua tatu bila kupiga hesabu, mimi mhasibu. Safari moja ya basi la mjini ni yen 230, kwa hiyo ili tiketi ile ilipe ni lazima mtu apande mara tano kwa siku. Sisi siku hiyo tulipanda mara mbili.

Tulipanda mara mbili kwa sababu ya yale mabasi yenyewe. Foleni ya kwenda Kinkaku-ji, lile hekalu lililofunikwa kwa dhahabu, ilikuwa imejikunja kama ya Kimara saa kumi na mbili asubuhi. Mabasi mawili yalijaa mbele ya macho yetu, la tatu tukaingia, na Mama akasimama zaidi ya dakika arobaini akiwa ameshika kamba juu ya kichwa cha kijana aliyelala usingizi. Baadaye mdogo wangu aliniambia njia ambayo wenyeji hutumia: kupanda treni ya chini ya ardhi ya laini ya Karasuma hadi Kitaoji, kisha basi kwa kipande kifupi kilichobaki. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba nilikuwa nimeshika jedwali kwa namna ambayo hakuona nafasi ya kuingiza neno, na nikamwamini, maana ananijua. Kwa wasioyajua mabasi ya Kyoto, abiria huingia mlango wa nyuma, hutoka mlango wa mbele, na hulipa anaposhuka kwa sarafu kamili au kwa kadi ya nauli. Kadi hiyo, inayoitwa ICOCA, hununuliwa kwenye mashine kwa yen 2,000 ambazo 500 kati yake ni amana, na hufanya kazi pia kwenye treni na maduka madogo. Inunuliwe siku ya kwanza. Itakuepusha kusimama mbele ya dereva ukihesabu sarafu huku basi zima likisubiri kwa adabu.

Kinkaku-ji ni pazuri, sitakanusha. Jengo linasimama juu ya maji na kivuli chake kinasimama chini yake. Lakini njia ni moja, watu ni mto, na ndani ya jengo huingii. Mdogo wangu alimweleza Mama kwamba tunaloliona si lile la karne ya 14: mtawa kijana alilichoma moto mwaka 1950 na likajengwa upya mwaka 1955. Mama alilitazama tena kwa muda mrefu, akasema, "Basi tumekaribiana umri." Tulilipa yen 500 kila mmoja, kwa fedha taslimu. Na hapa niseme kuhusu fedha taslimu: mahekalu mengi hayapokei kadi, na simu yangu, ambayo nyumbani hulipia hata fungu la mchicha, ilikuwa pale ni kamera tu. Kadi yangu ya benki nayo ilikataliwa na mashine ya kwanza kwa sababu sikuwa nimeiarifu benki kwamba ninasafiri. Nilipowapigia na kufunguliwa, mashine za ndani ya maduka ya 7-Eleven zilinipa fedha bila shida.

Jedwali lilisema hekalu la Ryoan-ji, kisha ngome ya Nijo. Ryoan-ji tuliipita. Nijo nilikataa kuiacha, kwa sababu ndiyo ngome iliyojengwa na mtawala wa kijeshi Tokugawa Ieyasu mwaka 1603, na ndani yake mwaka 1867 mrithi wake wa mwisho alitangaza kurudisha mamlaka kwa mfalme, na kwa sababu nilitaka kusikia zile sakafu zinazolia kama ndege mtu akizikanyaga. Tulifika saa kumi na dakika kumi jioni. Mwisho wa kuingia ni saa kumi kamili. Mlinzi aliinama, akaonyesha kibao, akainama tena, na hapakuwa na la kujadili. Kosa lilikuwa langu kabisa, kwa kuwa nilikuwa nimeandika saa ya kufungwa badala ya saa ya mwisho ya kuingia. Sehemu kubwa ya vivutio vya Kyoto hufungwa kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja jioni, kwa hiyo siku ya utalii huko huisha mapema kuliko mtu anavyodhani akiwa nyumbani na kalamu. Vya kufanya jioni ni vya mitaani na vya mezani.

Usiku ule tulikula tambi nene za udon katika mgahawa wenye viti saba, na Mama hakumaliza bakuli. Nilitoa jedwali ili kuona namna ya kufidia Nijo na Ryoan-ji siku inayofuata. Mdogo wangu alilichukua, akalisoma lote, akasema taratibu, "Dada, hii si ratiba. Hizi ni Mbio za Mwenge." Nilikasirika. Nilimwambia kwamba yeye amekaa huko miaka minne na hajui maana ya kuja mara moja tu maishani. Mama aliweka vijiti chini, vijiti ambavyo alikuwa akivishika kwa ukaidi tangu tufike, akasema: "Mwanangu, mimi nilikuja kumwona mtoto wangu amevaa joho. Hilo nimeliona. Haya mengine nionyeshe machache ambayo nitakumbuka majina yake."

Sikulala vizuri. Nilikuwa na haya, na pia nilikuwa na hesabu: kila mahali nilipopafuta nilipaona kama fedha iliyotupwa. Ilinichukua hadi alfajiri kukubali kwamba fedha ya kufika ilikuwa imekwisha kutumika hata tungeona mahali pamoja au kumi na nne. Kisha nikachukua ramani, na kwa mara ya kwanza nikaitazama kama mtu anayetembea. Kyoto imekaa bondeni, milima kaskazini, mashariki na magharibi, na mahekalu yake mashuhuri yamejipanga kwenye kingo, miguuni mwa milima hiyo, wala si katikati ya mji. Katika simu, Arashiyama ya magharibi na hekalu la Ginkaku-ji la mashariki zimetenganishwa na upana wa vidole viwili. Kwa uhalisi, kati yao kuna karibu saa nzima. Nilikuwa nimepanga kuvuka mji mara tatu kila siku. Nikachora duara moja tu, upande wa mashariki na kusini, nikafuta vyote vilivyokuwa nje yake.

Siku ya pili tuliondoka gizani. Kutoka kituo cha Kyoto, kituo cha Inari ni cha pili kwa treni, dakika tano na yen 150, na Fushimi Inari yenyewe, mahali pa ibada pa mlimani, haina kiingilio wala mlango wa kufungwa. Saa moja kasorobo asubuhi tulikuwa na wafagiaji, mzee mmoja na mbwa wake, na baridi iliyomfanya Mama ajifunike kitenge juu ya koti. Malango mekundu yamesimamishwa kwa maelfu kupanda mlima wenye urefu wa mita 233, yakiwa yamekaribiana hadi unatembea kama ndani ya korido. Ukipanda, unaona wekundu tu. Ukigeuka nyuma, unaona maandishi meusi kwenye kila nguzo. Mdogo wangu alieleza kwamba ni majina ya kampuni na watu waliolipia lango na tarehe waliyolitoa, kwa kuwa Inari ni mungu wa mpunga ambaye wafanyabiashara nao wamemfanya wao. Mama aliuliza bei. Alipoambiwa kwamba hata lango dogo huanzia mamia ya maelfu ya yen, akageuka na kuanza kuyasoma asiyoweza kuyasoma, kwa heshima, lango kwa lango.

"Mimi nimezaliwa mlimani," alisema tulipomshauri apumzike, "ngazi hazinitishi." Alipanda hadi pale malango madogo yanapoishia, kwenye mahali pa ibada pa nyuma, ambapo kuna mawe mawili yaliyowekwa juu ya taa za mawe. Desturi ni kuomba jambo moyoni kisha kuinua jiwe. Likiwa jepesi kuliko ulivyodhani, jambo litakuwa. Mama, Mlutheri wa kukata na shoka, alisema hataomba kwa jiwe, lakini atalipima uzito. Aliliinua, akalirudisha, na hakutuambia alilionaje. Kilele tulikiacha. Saa mbili na nusu tulipokuwa tunashuka, makundi yalikuwa yanapanda, nasi tulipishana nayo kama watu wanaotoka misa ya kwanza.

Kwa treni ya Keihan tulishuka Shichijo na kutembea hadi hekalu la Sanjusangen-do, ambayo haikuwa hata katika jedwali langu la kwanza kwa sababu haiko kwenye picha. Ndani hairuhusiwi kupiga picha. Katika safari nzima hapo ndipo ningemrudisha mtu wangu kwanza. Ni jumba moja la mbao, refu kama mita 120, lililojengwa upya mwaka 1266, na ndani yake zimesimama sanamu 1,000 za Kannon, mtakatifu wa huruma wa Wabudha, kwa ukubwa wa mtu, katikati zikiwa na moja kubwa iliyoketi. Sakafu ni tambarare, hakuna ngazi za kumkatisha mzee tamaa, na baridi ya asubuhi ilikuwa imekaa kwenye mbao. Viatu huvuliwa mlangoni, kwa hiyo viatu vya kamba ni adhabu: Mama alivaa na kuvua vyake mara nne siku hiyo, kila mara mmoja wetu akipiga magoti kumfunga. Soksi nazo ziwe nzima. Alitembea urefu wote wa jumba bila kusema, akarudi, kisha akauliza aliyezichonga kama alikuwa mmoja. Tukamwambia ni wengi, na kwamba 124 kati yake ziliokolewa kwenye moto wa mwaka 1249, nyingine zikachongwa upya. "Walizitoa mikononi, kwenye moto?" aliuliza, na swali hilo lilibaki nasi.

Mchana tulipumzika saa mbili nzima, jambo ambalo siku moja kabla ningeliona ni uzembe. Saa tisa tulichukua teksi hadi karibu na Kiyomizu-dera. Tulilipa kama yen 1,000, wakati basi lingetugharimu 690 kwa watu watatu na kusimama. Kwa watu watatu wenye mzee, teksi za masafa mafupi si anasa. Tahadhari moja: mlango wa nyuma hufunguliwa na dereva mwenyewe kwa mtambo, usiuvute. Mimi niliuvuta, na dereva akatoa sauti ndogo ya huzuni. Kiyomizu ina jukwaa la mbao lenye kimo cha kama mita 13 juu ya bonde, la mwaka 1633, lililosimamishwa kwa mbao zilizofumwa bila misumari. Wajapani wana msemo wa kuruka kutoka jukwaa la Kiyomizu, wakimaanisha mtu aliyejitosa katika uamuzi mzito. Mdogo wangu alisema ndivyo nilivyolipia chumba chetu, na kwa mara ya kwanza tangu ugomvi nilicheka.

Tuliteremka kwa miguu kupitia njia za mawe za Sannenzaka na Ninenzaka, maana anayeanzia juu hupata mteremko na anayeanzia chini hupata adhabu. Husemwa kwamba anayeanguka Sannenzaka atapatwa na balaa ndani ya miaka mitatu, hivyo Mama tulimshika pande zote mbili. Gion tuliigusa tu. Vichochoro vyake kadhaa ni mali ya watu binafsi na vina vibao vya kuwakataza wageni kupiga picha, vikitaja faini ya yen 10,000. Geisha, msanii wa kike wa burudani za jadi, anayepita pale anakwenda kazini, si maonyesho.

Siku ya tatu tulikuwa na mahali pawili tu. Kwanza, bustani kubwa inayoizunguka kasri ya zamani ya mfalme, ambayo ni bure. Mama mwenye nyumba alituambia kwamba upande wake wa kaskazini, yalipokuwa makazi ya ukoo wa Konoe, ipo micheri inayoinamisha matawi ambayo hutangulia mingine. Ilikuwa imechanua. Baada ya siku mbili za machipukizi, tulikaa chini yake karibu saa mbili tukila vibonge vya wali vilivyofungwa kwa mwani kutoka duka la karibu, na taka zetu tukaziweka mfukoni, kwa sababu mapipa ya taka barabarani karibu hayapo.

Pili, Nanzen-ji, kwa treni ya chini ya ardhi hadi Keage. Hapo mdogo wangu ndiye alikuwa mwenyeji, kwa kuwa amesomea uhandisi wa maji. Katikati ya uwanja wa hekalu linapita daraja la matofali mekundu lenye matao, na juu yake maji yanatiririka hadi leo. Alitueleza kwamba mfalme alipohama, mji ulidhoofika, watu wakaondoka, na viongozi wakaamua kuchimba mfereji kutoka ziwa Biwa kuvuka milima. Kazi ilikabidhiwa kijana Tanabe Sakuro, aliyekuwa ameuandikia mfereji huo andiko lake la kuhitimu chuo. Mfereji ulikamilika mwaka 1890, mwaka uliofuata maji yake yakaanza kuzalisha umeme pale Keage, na mwaka 1895 Kyoto ikawa na tramu ya kwanza ya umeme nchini Japani. Mama alikuwa ameegemea tao. Alimtazama mwanawe, aliyekuwa bado na andiko lake la kuhitimu ndani ya mkoba, akauliza, "Na huyo alipewa kazi moja kwa moja?" Mdogo wangu akasema ndiyo. "Haya," akasema Mama, na sote tulijua ametia maombi mahali.

Gharama za siku hizo tatu kwa watu watatu, bila ndege na bila Osaka, zilikuwa hivi: malazi yen 52,000, na kodi ya malazi ya mji, wakati ule yen 200 kwa mtu kwa usiku, jumla 1,200, treni ya kwenda na kurudi 3,480, usafiri wa ndani pamoja na zile tiketi nilizopoteza 12,400, viingilio 4,800, chakula 31,000, na mizigo 2,800. Jumla ni yen 107,680, takriban shilingi milioni 1.9. Tungelala Osaka tungeokoa karibu yen 30,000, lakini tusingefika Inari kabla ya watu. Nikirudia, nitalala Kyoto usiku uleule miwili, katika hoteli ya kawaida yenye vitanda na lifti, umbali wa kutembea kutoka kituoni.

Uwanja wa ndege wa Kansai, tukisubiri kuitwa, nilimwaga sarafu zote mezani ili tununue chai. Mama aliokota moja ya shaba ya yen kumi, akaisogeza karibu na macho.

"Hii nyumba ya humu tuliiona?"

Nilimwambia hapana, ni hekalu la Byodo-in, liko Uji, ni la mwaka 1053. Lilikuwa kwenye jedwali langu, siku ya tatu, saa nane mchana.

"Basi hii usiinunulie chai," alisema, akaifunga kwenye ncha ya kitenge.